Wino wa mimea wa kuchapa tisheti: Kisumu ununue nini

Mwaka jana nilichapa mifuko ishirini ya pamba kwa wino wa manjano, ile ya jikoni. Juu ya meza iling'aa kama kiini cha yai la kienyeji. Mteja akaifua kwa sabuni ya mche, kisha akanipigia simu: mbona maua yamekuwa mekundu? Ndivyo manjano ilivyo, ikikutana na sabuni kali inageuka. Na hata usipoifua, jua la hapa litaimaliza. Siku hizi sinunui rangi kwa kutazama inavyopendeza ndani ya sufuria.

Ya kwanza kwangu ni maganda ya vitunguu, na hata si ya kununua. Pale Kibuye nilimwomba mama mmoja anayeuza vitunguu, akaniambia, "Beba yote mwanangu, umeniondolea kazi ya kufagia." Chemsha saa nzima, chuja kwa soksi ya nailoni, kisha urudishe jikoni hadi maji yapungue na kukolea. Ukitia shabu (alum, ya kusaidia rangi kushika kwenye nguo) unapata kahawia ya dhahabu. Ukidondoshea maji ya chuma (nayaeleza hapa chini), inaelekea kijani cha zeituni. Hupauka, lakini polepole.

Ya pili ni magome ya muwati (wattle), kwa anayetaka weusi. Waulize wauza kuni na wachoma makaa, kwao magome ni takataka. Yamejaa tanini, na tanini ikikutana na chuma huwa nyeusi. Chuma chenyewe ni misumari yenye kutu iliyolowekwa kwenye siki wiki mbili. Usizidishe, maana chuma kingi hula pamba na kitambaa huchanika penye picha. Ukikosa muwati, majani ya chai ya bei ya chini yatakupa kijivu kizuri tu.

Mzingifuri naupa nafasi ya tatu. Mbegu zake hutoka pwani, hasa Kwale, kwa hiyo huku ni lazima uagize. Rangi yake haitoki vizuri kwa maji matupu, tia magadi kidogo. Chungwa lake halina mpinzani, ila jua halilipendi. Chapia vitambaa vya mezani, si tisheti za bodaboda.

Manjano ni ya nne. Rozela ni ya mwisho: kunywa juisi yake.

Fedha zako ziende kwenye kizito, yaani kitu cha kuufanya wino uwe mzito, maana maji ya rangi peke yake yatapenya chini ya stensili na kutapakaa. Ninayonunua ni unga wa gwa, unaouzwa madukani kwa waokaji mikate. Gramu 10 hadi 15 zinatosha lita moja. Unyunyizie huku ukikoroga kwa kasi, la sivyo unafanya madonge kama ugali wa mgeni wa jikoni. Ukiinua mwiko, wino uanguke kama uji mzito. Gundi ya mgunga ni nzuri lakini inatakiwa nyingi mno, bei itakuumiza. Wanga wa muhogo ni rahisi kuliko vyote na unachapa vizuri, ila huchacha haraka.

Shabu nunua ya mawe, si ya unga. Jiwe zuri linapitisha mwanga, na ukilisaga likayeyushwa kwenye maji moto haliachi mashapo. Ile ya unga niliyouziwa mara moja iliacha kitu cheupe chini ya kikombe, na hadi leo sijui kilikuwa nini.

Ukinunua dawa ya kupaka kwenye skrini (fremu ya wavu wa kuchapia), sema wino wako ni wa maji. Nyingine hulainika, na picha ikabanduka katikati ya kazi. Meshi, yaani wavu wenyewe, iwe ya nyuzi 43 kwa sentimita, zilizo laini zaidi huziba.

Chapa ikikauka, funga kitambaa kwa gazeti tupu lisilo na maandishi, ukipike kwa mvuke dakika 45 hadi saa moja bila kugusa maji. Wino uliobaki weka kwenye friji, na upike wa kazi ya siku mbili tatu tu. Wangu ulioachwa dirishani wikendi moja ulifuga ukungu wa manyoya, na skwiji yangu, kile kibao cha mpira cha kusukumia wino, ilinuka mwezi mzima.