Miaka yangu mitatu katika chuo kidogo Nyegezi, Mwanza: uzoefu wangu

Mwaka 2025 nimemaliza Stashahada ya Ununuzi na Ugavi katika chuo kimoja binafsi upande wa Nyegezi. Jina lake nitalihifadhi, kwa sababu mengine nitakayoyasema si mazuri na walimu wake bado nawaheshimu sana. Naandika kwa ajili ya vijana wenye D zao nne za kidato cha nne, pamoja na wazazi wao, wanaohangaika sasa hivi kutafuta chuo.

Kwanza walichonipa. Darasa letu lilikuwa dogo, na kwa hilo vyuo vikubwa haviwezi kushindana nao. Mwalimu wa usimamizi wa stoo hakutegemea slaidi. Siku moja alituingiza kwenye stoo ya chuo chenyewe, akatukabidhi leja na kadi za stoo, akasema tuhesabu kila kilichomo. Katoni za karatasi zilizoandikwa kwenye leja zilikuwa nyingi kuliko zilizokuwa kwenye rafu. Hakutupa jibu. Alitukalisha pale pale sakafuni, tukafukua vocha za kutolea mzigo moja baada ya nyingine mpaka tukaipata iliyosahauliwa kuingizwa. Nilipokwenda fildi kwenye ghala la kiwanda cha samaki, kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa hiyo hiyo, na sikubabaika hata kidogo.

Serikali ilipoachana na TANePS, mfumo wa zamani wa ununuzi wa umma kwa mtandao, na kuingia NeST, mfumo mpya, mwaka 2023, na Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma ikapitishwa mwaka huo huo, mwalimu wetu wa sheria hakusubiri mtaala ubadilishwe. Alikuja na sheria yenyewe, tukaipitia kifungu kwa kifungu. Mwalimu wa namna hiyo ni mali.

Taratibu za chuo ndizo zilizotutesa. Ada unaruhusiwa kulipa kwa awamu, jambo ambalo kwa mtoto wa mkulima wa Magu au mvuvi wa Ukerewe ni msaada mkubwa. Lakini orodha ya wasioruhusiwa kufanya mtihani ilikuwa inabandikwa jioni ya kuamkia mtihani, na ndani yake walikuwamo watu waliokwisha kulipa ila malipo yao hayajaingizwa kwenye vitabu. Mwanafunzi analala hajui kama kesho atakaa kwenye chumba cha mtihani. Aliyetuokoa mara zote ni mshauri wa wanafunzi, mama mmoja aliyekuwa anakusanya risiti zetu na kusimama nazo mlangoni kwa mhasibu mpaka kieleweke. Huduma nzuri, lakini ilisimama juu ya mtu mmoja. Alipokuwa likizo ya ugonjwa, tulikuwa yatima.

Mahudhurio yanatakiwa asilimia 75, na mlango unafungwa dakika 15 baada ya kipindi kuanza. Sina ugomvi na sheria hiyo, ila wenzetu waliotoka Sengerema Jumatatu asubuhi walikuwa wanasubiri kivuko pale Busisi, na hakuna aliyewasikiliza. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, sisi tukiwa tunamaliza. Wanaokuja sasa watapumua.

Maktaba ni ndogo na vitabu vingi ni vya zamani. Intaneti ipo siku ikitaka.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui mpaka liwakute. Anayetoka stashahada kwenda shahada, pamoja na GPA isiyopungua 3.0, anahitaji AVN, yaani namba ya uhakiki wa tuzo inayotolewa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati. Bila namba hiyo huwezi kuomba chuo kikuu kwa sifa ya stashahada. Na NACTVET haiwezi kukupa kama chuo chako hakijawasilisha matokeo yako. Dirisha la udahili likafunguliwa, rafiki zangu wa vyuo vingine wakaomba, mimi nikawa naambiwa "njoo kesho" na ofisi ya taaluma. Awamu ya kwanza ikanipita. Namba ilipotoka niliomba awamu ya pili, na kozi niliyoitaka ilikuwa imejaa. GPA ninayo, ada nimelipa yote, nafasi nimeikosa kwa sababu kuna mtu hakukaa kwenye kompyuta kuingiza alama. Hilo bado linaniuma, na uongozi wa chuo unapaswa kuliona ni deni kwetu.

Mdogo wangu anataka kuomba hapo hapo, na sijamkataza. Kwa wale walimu, hata mimi ningerudi. Nimemwambia asitoe hata shilingi kabla ya kuhakiki usajili wa chuo na kozi kwenye tovuti ya NACTVET, kisha aende ofisi ya taaluma aombe kanuni za mitihani kwa maandishi na aulize matokeo ya Level 6, yaani mwaka wa mwisho wa stashahada, ya mwaka jana yaliwasilishwa mwezi gani. Na jibu hilo akalithibitishe kwa waliomaliza, maana ofisini wanaweza kumwambia lolote.