Trekta ya kutembeza huku Molo: niliinunua ya kulimia, ikawa ya kuni

Nianze na bei, maana anayenikuta nayo barabarani huuliza hiyo kabla hata salamu hazijaisha. Nililipa shilingi 165,000, Februari 2023, mkono wa pili, pamoja na trela, rotaveta (ile ya meno yanayozunguka na kusaga udongo) na plau. Ni ile trekta ya magurudumu mawili unayotembea nyuma yake umeshika mikono kama ya wilibaro. Injini ni ya dizeli, silinda moja, nguvu ya farasi 12, ya kuwashwa kwa kuzungusha handeli. Mwenyewe wa kwanza alikuwa akiitumia kwenye mpunga kule Ahero, kwa hiyo ilikuja pia na yale magurudumu ya chuma ya kuingilia matope. Huku kwetu hayana kazi. Kuku wameyageuza kitanda.

Boma letu liko nje kidogo ya mji wa Molo, ekari mbili na nusu zinazoinama kuelekea kijito. Tuna viazi, mahindi, ng'ombe wawili, na kule chini mikaratusi na miwati aliyopanda marehemu baba. Mahindi huku hukaa shambani miezi minane na zaidi kwa sababu ya baridi, kwa hiyo ukichelewa kulima umechelewa kwelikweli. Na sisi wenye vishamba ndio huchelewa. Mwenye trekta kubwa hakatai kazi. Husema "kesho, Baba Njeri", na hiyo kesho unasikia injini yake inanguruma kwa mwenye ekari ishirini. Akija hatimaye, mvua imeshanyesha wiki mbili, anageuza mara nne kwenye shamba dogo na kuondoka na nguzo mbili za ua. Nikasema basi, nitakuwa na yangu.

Kazi ya shamba nitaisema upesi, maana si ndiyo iliyonifanya niandike. Penye viazi vya msimu uliopita, rotaveta ni raha. Udongo wetu ni mweusi na laini, ukipita mara mbili unabaki kama unga uliochekechwa. Ekari moja niliimaliza kwa siku moja, kuanzia saa mbili asubuhi hadi karibu saa kumi, nikipumzika mara tatu, na dizeli haikufika lita nane. Jioni mikono ilikuwa ikitetemeka hata kikombe cha chai kikinishinda, lakini shamba lilikuwa limelimika. Penye nyasi za miaka mingi, isahau. Meno hayazami, yanatembea juu juu, na mashine inakukimbia huku umeing'ang'ania kama mtu aliyeshika ndama aliyemwona mamaye.

Halafu kuna sangari, lile gugu la nyasi linalotambaa chini kwa mizizi. Hili hakuna muuzaji atakayekwambia. Rotaveta haiing'oi sangari, inaikatakata, na kila kipande cha mzizi chenye kifundo kinachipua upya. Nilitembea kifua mbele wiki mbili nikitazama shamba safi. Wiki ya nne nilikuwa na sangari kuliko nilipoanza. Mama alisimama ukingoni, akatazama, akaniuliza, "Hii nayo umeipanda kwa mbolea gani?" Siku hizi kipande chenye sangari nakipiga plau kwanza Januari, jua likiwa kali, mizizi inakauka juu, tunaiokota kwa reki, ndipo rotaveta inaingia.

Sasa kuwasha. Ukiwa Kisumu labda si neno. Molo mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, nyasi zina umande wa kukata vidole, na oili ndani ya injini imekuwa nzito kama asali. Unainua kile kiwiko cha kuachia kompresheni, yaani hewa inayobanwa ndani ya silinda, kwa mkono wa kushoto, unazungusha handeli kwa wa kulia, unazungusha, unazungusha, ikishika kasi unaachia kiwiko, nayo inakujibu "puf" moja na kunyamaza. Mara ya tano umevua koti. Kidole gumba kikae upande mmoja na vingine, usikizungushe kwenye handeli, maana ikirudisha teke inaondoka nacho.

Aliyenitoa kwenye taabu hiyo ni mama, na hapa ndipo habari ya kuni inapoingia. Injini yangu haina feni wala rejeta kama ya gari. Maji hukaa kwenye tangi lililo wazi juu ya silinda, yakichemka yanatoka mvuke, kazi yako ni kuongeza, na kuna kiboya kidogo chekundu kinachopanda na kushuka kukuonyesha kiasi. (Siku ya kwanza nilipouona ule mvuke nilizima nikakimbia. Fundi alicheka mpaka akakaa chini.) Mama alitoka jikoni akanikuta nahema, akasema, "Si hata mtu ukimwamsha na baridi hii unampa kitu moto?" Akarudi na sufuria ya maji kutoka jikoni. Tukamwaga yale baridi, tukatia ya vuguvugu kwanza, kisha ya moto, maana chuma baridi hakipigwi na maji yanayochemka. Mzunguko wa pili ikaitika. Tangu siku hiyo moto wa jikoni huwashwa kwanza, na trekta hunywa kabla yangu.

Basi, kuni. Zamani tulikuwa tukinunua mabanzi kwa pikapu kutoka mashine za mbao za Elburgon. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu yake Februari 2018, mashine nyingi zilinyamaza na mabanzi yakaadimika. Rais alipokuja hapa hapa Molo Julai 2023 akatangaza kwamba marufuku imeondolewa, sisi tulikuwa tumeshahamia kwenye miti yetu ya kule chini. Shida haikuwa miti, ilikuwa kuipandisha. Kutoka kijitoni hadi jikoni ni mlima wa kama mita mia tatu. Mke wangu na mama walikuwa wakibeba mgongoni, mimi kwenye toroli, na mwenye mkokoteni wa punda alikuwa akikataa mvua ikinyesha kwa kumhurumia punda wake, jambo ambalo simlaumu.

Trela ya trekta hii ilibeba kwa safari moja kuni tulizokuwa tukihamisha kwa wiki. Hapo ndipo niliposema kimoyomoyo kwamba hata isipolima tena, imelipa. Kupanda na mzigo, gea ya kwanza, haikuwahi kusumbua.

Kuteremka ndiko kulikonifundisha adabu, na ninyi mnaotaka kununua muisome sehemu hii mara mbili. Mashine hii haina usukani. Kila mkono una klachi yake ya pembeni. Kwenye tambarare ukibonyeza ya kushoto, gurudumu la kushoto linapoteza nguvu, la kulia linaendelea kusukuma, unakata kushoto. Rahisi, mtoto anaelewa. Juni ile ya kwanza nilikuwa nimekaa mbele ya trela iliyojaa kuni, sasa nikizishusha kwa mzee jirani aliyeko ng'ambo ya kijito, njia imeloa. Mzigo ulikuwa unatusukuma kutoka nyuma na injini ndiyo inazuia. Nikafika kwenye kona, nikabonyeza kushoto. Ikakata kulia. Nikadhani sijabonyeza vizuri, nikabonyeza kwa nguvu. Ikakata kulia zaidi.

Fundi alinieleza baadaye, kwa kuchora vumbini kwa kijiti. Kwenye mteremko injini haivuti magurudumu, inayashika yasikimbie. Ukibonyeza klachi ya kushoto umelifungulia gurudumu la kushoto kutoka kwenye hiyo breki ya injini, linakimbia mbele, la kulia bado limeshikwa, na trekta nzima inageukia kulia. Yaani ukiteremka kila kitu ni kinyume. Aliyeniuzia hakunitajia, na sidhani alinificha. Mashamba ya mpunga ya Ahero ni bapa kama meza, labda miaka yote hakuwahi kuihitaji elimu hiyo.

Mimi niliipata ndani ya ua wa kayaba wa jirani. Mnaoijua kayaba mmeshanihurumia. Trekta iliingia hadi nusu, trela ikasimama wima kidogo kisha ikatulia, kuni zikanipita kichwani, na mimi nikabaki nimeshonwa kwenye miiba yenye urefu wa kidole. Mzee alifika taratibu na fimbo yake, akanitazama, akasema, "Kijana, kuni nilizoagiza ni za kuwasha, si za kujenga ua." Mke wangu alikaa usiku kucha na sindano na taa akinitoa miiba. Mwiba mmoja wa kwenye goti ulitoka wenyewe baada ya wiki tatu.

Tangu hapo nikiteremka na mzigo sigusi klachi za pembeni kabisa. Naweka gea ya kwanza kabla ya mlima kuanza, sio katikati, nageuza kwa kusukuma mikono ya mashine kwa mwili, na mguu uko kwenye breki ya trela. Na hiyo breki niliitengeneza. Ilipokuja kutoka Ahero ilikuwa pambo.

Kuhusu kuni zenyewe, kubeba nyingi kwa mara moja kulileta jambo ambalo sikulitarajia: tulianza kuwa na kuni kavu. Ukibeba mgongoni unapika leo ulichokata juzi. Mti mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji, na moto lazima uyachemshe yale maji kwanza ndipo uifikie sufuria yako. Ndiyo maana jiko linatoa moshi, macho yanachuruzika, na githeri inakaa jikoni tangu asubuhi. Sasa tuna banda la mabati lililo wazi pande tatu, kuni zimeinuliwa juu ya mawe, na safu ya mwaka huu haiguswi hadi mwakani. Mkaratusi tunaupasua ukiwa mbichi bado, kwa sababu ukishakauka nyuzi zake zinajisokota na shoka linarudi kama limepiga tairi. Mwati una huruma zaidi: unakauka upesi na unatoa kaa la kukaa. Saiprasi naichukua ya kuwashia tu, inarusha cheche na masizi yake yananata kwenye dohani. Mama hupima kwa kugonganisha vipande viwili. Vikilia "ko" kama mbao, vinaingia jikoni. Vikilia "du", vinarudi bandani.

Jiko nalo tulilijenga upya mwaka huo huo, la matofali, mashimo mawili na dohani, tukaachana na mafiga matatu. Nilitegemea mama angelipinga, na alilipinga kwa siku nne. Kilichomshinda ni ukuta: ule wa nyuma ya jiko ulipakwa chokaa Agosti, na Desemba ulikuwa bado mweupe. Kuni tunazotumia zimepungua, naona kwa jinsi safu inavyoshuka, ingawa siwezi kusema ni jiko au ni ukavu. Majivu yanaenda kwenye sukuma na vitunguu. Kwenye viazi siyapeleki, yanapunguza uchachu wa udongo na viazi vinatoka na magaga.

Malalamiko mengine. Mikanda mitatu inayotoka injini hadi gia ilikatika mmoja baada ya mwingine ndani ya mwaka. Kosa langu: nilikuwa nabadilisha ule uliokatika peke yake, mpya unabeba kazi yote, ya zamani inateleza. Nunua mitatu pamoja. Spea za injini zinapatikana Nakuru mjini bila shida, ila za boksi ya gia nimewahi kungoja siku kumi na mbili, tena katikati ya Aprili. Kelele ni nyingi. Mtikisiko unalegeza kila nati, kwa hiyo spana ya 17 inakaa mfukoni kama simu.

Je, ununue? Kama shamba lako ni chini ya nusu ekari, kodi trekta ya mtu, au tumia jembe. Kama ni tambarare ya ekari kumi, ngoja trekta kubwa. Katikati hapo, na hasa ukiwa na mzigo wa kubeba kila wiki, kuni, nyasi za ng'ombe, magunia ya viazi hadi barabarani, basi inafaa, ila omba upelekwe mlimani na mwenye nayo kabla hujatoa pesa, trela ikiwa na kitu ndani.

Mzee wa kayaba aliniuliza juzi kama nitaiuza, kwani mwanawe ametumwa kutafuta. Nilikuwa bado nafikiria bei nilipomsikia mama kutoka jikoni: "Mwambie kuni zake za mwezi huu ziko tayari, ila aje na mtu wa kushika breki."