Ulezi, mtama au kunde? Kwanza tuongelee mchanga

Mwezi uliopita nilimpikia mama mkwe uji wa ulezi. Akanywa kikombe chote, mstaarabu wa watu, kisha akasema taratibu: "Mwanangu, uji mtamu, ila Coco Beach yote umeimwagia humu."

Basi nyie mnaoniuliza mle nini zaidi ya sembe, wengi mnaanzia kwenye virutubisho. Ulezi unaipita mahindi mbali kwa kalisiamu, hilo tunalijua. Mimi naanzia kwenye mchanga. Ulezi mwingi hupurwa chini, na punje yake ni ndogo mno, kwa hiyo ungo na chekecheo vinahangaika bure. Ukishasagwa ndiyo basi tena, utautafuna hivyo hivyo.

Namba moja kwangu ni ulezi mzima wa Sumbawanga, na upendeleo wangu siufichi. Kabla hujalipa, tafuna punje kama kumi; meno yakilia krr, rudisha. Ukifika nyumbani utie kwenye bakuli la maji, koroga kwa mkono, kisha mimina ulezi na maji yake polepole kwenye bakuli la pili. Mchanga ni mzito, unabaki chini. Rudia mpaka kitako cha bakuli kiwe safi. Mimi nilirudia mara saba. Anika, halafu peleka mashineni.

Namba mbili ni mtama mweupe. Mwekundu una ukakasi, wanangu hawaugusi.

Tatu, kunde na choroko. Ukiona vitundu, wadudu wameshahamia. Nunua za msimu mpya, uzifunge kwenye ule mfuko wa tabaka tatu: hewa ikiisha ndani, wadudu wanakufa bila dawa.

Unga wa lishe wa bei chee wa kwenye vipakiti? Sinunui. Karanga mbovu ikishasagwa huioni, na tangu mwaka 2016, sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka na karanga, ilipoua watu Dodoma na Manyara, sina utani nayo.

Halafu nyie wauzaji wa sado, yale makopo ya kupimia nafaka, zilizobonyezwa kitako! Kwa macho imejaa mpaka kilele, ukiifikisha nyumbani haifiki hata nusu. Juzi nikamwambia mmoja, kaka, leo nipimie kwa mzani. Akanijibu mzani upo, ila betri imeisha.

Mzani wenyewe ulikuwa wa mawe.