Mashine ya kushtua misuli nyumbani: ukiwa Tanga, anza na vibandiko

Baada ya goti langu la kulia kufanyiwa upasuaji, paja lilinyauka mpaka suruali ikawa inapwaya upande mmoja. Dada wa fiziotherapia, mwenye mikono migumu kama ya mkata mkonge, akaniambia: "Kaka, tafuta mashine yako ya nyumbani, ya kushtua misuli kwa umeme. Huku kuja mara mbili kwa wiki hakutoshi." Tangu siku hiyo nimenunua tatu, mbili kati yake kwa makosa.

Kosa la kwanza lilikuwa la herufi. Niliingia duka moja Ngamiani nikasema nataka ya misuli. "Shikamoo mzee, chukua hii, inafanya yote." Nilipofika nyumbani nikaona boksi limeandikwa TENS tu. TENS na EMS zinafanana kwa sura, waya na hata vibandiko vya kupitishia umeme kwenye ngozi, ila kazi ni mbili tofauti. TENS inachezea mishipa ya fahamu ya hisia: unasikia kuwashawasha, maumivu yanatulia kwa muda, msuli wenyewe umelala. EMS inagusa mishipa inayouamrisha msuli, nao unajikaza bila wewe kuukaza. Ukibandika pajani ukaona pia ya goti inavutwa juu yenyewe, basi hiyo ni EMS.

Kama shida yako ni mgongo unaouma baada ya kuendesha baiskeli kutwa, TENS inakutosha. Kama ni msuli uliolegea baada ya upasuaji au kukaa sana kitandani, unataka EMS. Na hata EMS haifanyi mazoezi kwa niaba yako. Mimi huambiwa nikaze paja kwa hiari yangu wakati uleule mashine inapokaza, ndiyo faida inaonekana.

Dukani usisome picha za juu ya boksi, soma namba. TENS ya kawaida hufanya kazi kwenye hezi 80 hadi 120, yaani mapigo kwa sekunde. EMS ya kujenga paja ni kama hezi 30 hadi 50. Upana wa pigo, yaani muda wa kila pigo, uwe unafika mikrosekunde 300 au 400, kwa sababu msuli mkubwa hauitikii pigo jembamba. Nguvu husomwa kwa miliampea, na kwa paja tafuta inayofika 80 au zaidi. "Viwango 40" vinavyotangazwa ni ngazi tu. Ngazi ya 40 ya mashine dhaifu ni dhaifu. Programu 24 nazo zisikupumbaze, mimi natumia mbili. La maana ni kuweza kupanga muda wa kukaza na wa kupumzika: mimi nilianza na sekunde 10 za kukaza na 50 za kupumzika. Nilipojaribu kupunguza pumziko kwa pupa, kesho yake nilipanda ngazi za nyumbani kwa kushikilia ukuta.

Wapo wasiopaswa kununua kabisa bila kumuona daktari: mwenye kifaa cha moyo kilichopandikizwa, mjamzito, mwenye kifafa, mwenye saratani, mwenye damu iliyoganda mguuni. Mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi hasikii ngozi ikiungua, kwa hiyo naye aulize kwanza. Hakuna anayeruhusiwa kubandika mbele ya shingo, kupitisha umeme kifuani, au kuweka juu ya kidonda. Hospitali ya Bombo hapo ipo, kaulize.

Sasa vibandiko. Mashine itakaa miaka, lakini vibandiko ni wale wa waja leo waondoka leo. Gundi yake ni jeli yenye maji, nayo haipendi jasho, mafuta ya nazi, manyoya wala vumbi. Vikitunzwa vinafika mara 20 au 30. Kwa joto letu la Januari nimeona vikifa kwenye mara ya 10. Nilisahau seti moja dirishani Makorora, upande wa jua la mchana. Jioni jeli ilikuwa imehamia kwenye pazia. Siku hizi vyangu vinakaa kwenye plastiki yake, ndani ya friji, mlango uleule wa chupa ya ukwaju. Kabla ya kubandika naosha paja kwa sabuni na kulikausha. Vikianza kukauka nadondosha tone moja la maji kwenye jeli na kulisambaza kwa kidole. Kikinyanyuka pembe, kitupe. Umeme wote unajibana kwenye kale kasehemu kalikobaki kameshika, na unachoma kama siafu.

Kwa hiyo kabla ya kulipia mashine, angalia mdomo wa waya wake. Kuna pini nyembamba ya milimita 2, na kuna kishikizo cha kubonyeza kama cha nguo ya mtoto mchanga. Vya pini ndivyo rahisi kupata, na vya kampuni moja huingia kwenye mashine ya kampuni nyingine. Kama unabadilisha seti kila mwezi, kwa mwaka ni seti 12. Piga hesabu hiyo kwanza, ndipo uulize bei ya mashine.

Nikipanga kwa hesabu hiyo, ya kwanza ni ile ya TENS na EMS kwa pamoja, yenye njia mbili, waya wa pini, skrini inayoonyesha namba, na betri ya kuchaji kwa USB. Njia mbili ni vibandiko vinne, unapata paja zima. Umeme ukikatika unaichaji kwa pawabenki. Usiitumie ikiwa bado kwenye chaji, hata kama muuzaji anakuonyesha kwamba inawezekana. Volti 230 za ukutani si za kufanyia majaribio mwilini.

Ya pili ni ile ya kizamani ya vinobu vya kuzungusha na betri ya volti 9. Haina sura, lakini unapanga kila kitu kwa mkono na haifi upesi. Hakikisha ni ya EMS, maana nyingi za umbo hilo ni TENS tupu, na ndiyo iliyoniponza mimi.

Ya tatu ni zisizo na waya, zinazoongozwa kwa simu, kama PowerDot. Ni nzuri kweli, na mchezaji mwenye fedha atazifurahia. Naziweka hapa kwa sababu ya vibandiko vyake: vina umbo lake peke yake, na vikikuishia Tanga unasubiri mzigo wa basi kutoka Dar, kama vipo.

Ya nne ni zulia la umeme la kukanyagia. Hilo ndilo kosa langu la pili. Ndama inachezacheza, bibi nyumbani analipenda akitazama taarifa ya habari, lakini paja langu halikupata kitu. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa goti ni zulia tu.

Ya mwisho ni mkanda wa tumbo, na huu nasema usinunue. Mwaka 2002 mamlaka ya biashara ya Marekani iliwashtaki wauzaji wa mikanda mitatu ya namna hii, AB Energizer ukiwemo, kwa kuwadanganya watu kwamba inaondoa mafuta tumboni bila mazoezi. Umeme unakaza msuli, mafuta yaliyo juu yake yanabaki palepale. Jirani yangu Chumbageni anao mmoja. Betri zake amezihamishia kwenye rimoti ya televisheni.