Alien ya Jerry Goldsmith katika diski mbili: tathmini ya toleo la Intrada la mwaka 2007

Wakusanyaji wa muziki wa filamu tuna tabia ya kupima toleo jipya kwa dakika zake: lililo refu ndilo bora, na likishaandikwa neno "kamili" kwenye jalada, watu hununua bila kuuliza zaidi. Toleo la diski mbili la muziki wa filamu ya Alien, ambalo kampuni ya Intrada ililitoa mwaka 2007, lina dakika za kuwatosha hata walafi miongoni mwetu, lakini sababu ya kulipatia nafasi kwenye rafu ni nyingine. Ndani yake msikilizaji anaipata kazi moja ya okestra ikiwa katika hali tatu: jinsi mtunzi alivyoikusudia, jinsi alivyoagizwa kuibadili, na jinsi yeye mwenyewe alivyoipanga kwa ajili ya santuri iliyouzwa filamu ilipotoka mwaka 1979.

Kwa wasioijua historia yake, sina budi kuieleza kidogo, kwa kuwa bila hiyo mpangilio wa diski hizi hauelewiki. Jerry Goldsmith aliutunga muziki huu kwa okestra kubwa, akisaidiwa na Arthur Morton katika kuugawa kwa ala mbalimbali, na ukarekodiwa Uingereza na National Philharmonic Orchestra chini ya uongozi wa Lionel Newman. Kabla ya hapo, mhariri wa filamu, Terry Rawlings, alikuwa ameshikiza picha kwa muziki wa zamani ili yeye na mwongozaji, Ridley Scott, waweze kuendelea na uhariri, kama ilivyo desturi ya kazi hiyo. Na baadhi ya vipande hivyo vya kushikizia vilitoka katika muziki ambao Goldsmith huyohuyo aliutunga kwa ajili ya filamu ya Freud ya mwaka 1962. Wawili hao wakavizoea. Filamu ilipokamilika, sehemu kadhaa za muziki mpya zilikuwa zimehamishwa kutoka pale zilipotungiwa, nyingine zimeachwa kabisa, vipande vya Freud vimebaki palepale, na mwisho wa filamu umefungwa kwa Simfonia ya Pili ya Howard Hanson, kazi ya mwaka 1930 ijulikanayo kwa jina la Romantic. Goldsmith hakuficha uchungu wake katika mahojiano ya miaka ya baadaye, na ni vigumu kumlaumu.

Diski ya kwanza inaanza na muziki wote jinsi ulivyotungwa mara ya kwanza, ukifuata mtiririko wa filamu, na baada yake zimewekwa sehemu ambazo Goldsmith alizitunga upya pale Scott alipoona zile za awali hazifai. Anayetaka kujua mvutano wao ulihusu nini hasa asikilize ufunguzi, Main Title, katika tungo zake zote mbili. Katika utungo wa kwanza tarumbeta moja inaimba wimbo wa polepole, wenye upweke, juu ya nyuzi zilizotulia, na anga la mbali linasikika kuwa mahali pa ajabu ambapo mtu angetamani kufika. Goldsmith alikusudia hofu ije baadaye, msikilizaji akiwa amekwisha kuvutwa na uzuri huo. Scott alitaka tishio tangu mwanzo. Katika utungo wa pili, basi, wimbo umeondolewa. Zimebaki fluti zinazorudia noti mbili hadi zinazama ndani ya mwangwi wake zenyewe, nyuzi zinazokwaruzwa na kugongwa, na ukimya mwingi katikati. Mtunzi alisimulia kwamba utungo wa kwanza ulimchukua siku nzima na wa pili dakika tano tu, na kwamba huo wa pili haukumpa raha yoyote.

Binafsi naona utungo wa pili unaifaa picha zaidi, na sishangai kwamba ndio uliobaki katika kumbukumbu za watazamaji. Ukizima picha, hata hivyo, mambo yanageuka. Wimbo ule wa tarumbeta ndio mbegu ya sehemu nyingi zinazofuata, na unarudi ukiwa umekua na kupanuka katika End Title, ambayo nayo haikutumika kwenye filamu kwa kuwa nafasi yake ilichukuliwa na Hanson. Pasipo ufunguzi wa kwanza, hitimisho hilo linasikika kama jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Vikiwekwa pamoja, muziki mzima unakuwa na umbo ambalo watazamaji wa 1979 hawakupata nafasi ya kulisikia ukumbini.

Hapa ndipo toleo hili linapowahusu pia wakusanyaji wa muziki wa okestra wa kisasa, hata wale wasiojali kabisa habari za filamu. Mbali na ala za kawaida, Goldsmith alitumia serpent, ala ya kale ya kupuliza iliyopindapinda kama nyoka, pamoja na didgeridoo ya wenyeji wa Australia na makombe makubwa ya baharini yanayopulizwa kama baragumu. Kisha baadhi ya sauti akazipitisha katika Echoplex, kifaa cha mwangwi kinachotumia utepe. Wapiga nyuzi wanagonga kwa mti wa upinde, wanateleza kutoka noti moja hadi nyingine, na mara nyingine wanatoa vishindo ambavyo sikio halitambui mara moja vimetoka kwenye ala gani. Mbinu za namna hii zilikuwa zimekwisha kuzoeleka katika kumbi za muziki: Krzysztof Penderecki aliandika Threnody kwa ala 52 za nyuzi mwaka 1960, na György Ligeti akafuata na Atmosphères mwaka 1961, kazi ambayo haina wimbo wala mapigo ya kufuatwa, bali mawingu ya sauti yanayobadilika rangi taratibu. Mashabiki wa filamu walizisikia sauti za Ligeti kwa wingi mwaka 1968, pale Stanley Kubrick alipozitumia katika 2001: A Space Odyssey.

Goldsmith aliifahamu lugha hiyo vizuri, lakini hakuiga. Ligeti anaweza kuuacha muda usimame. Mtunzi wa filamu hana uhuru huo, kwa maana mlango utafunguliwa, mtu atageuka, na muziki lazima uwe tayari. Kwa hiyo kila mara Goldsmith anakuachia kitu kidogo cha kushika, aghalabu zile noti mbili za fluti, huku kila kitu kingine kikiyeyuka. Ninapendekeza rekodi hii isikilizwe jioni moja na Atmosphères, na baada ya hapo iongezwe Altered States ya mwaka 1980, ambapo John Corigliano, mtunzi wa kumbi za muziki, alisafiri kuelekea upande wa pili na kuingia kwenye filamu bila kupunguza ukali wa lugha yake.

Diski ya pili inaanza na ile santuri ya 1979, yenye sehemu kumi na urefu wa nusu saa na ushei, na hapa huenda nikawaudhi baadhi ya wenzangu: kwa usikilizaji wa kawaida, hiyo ndiyo sehemu bora ya toleo zima. Upande mmoja wa santuri hubeba takriban dakika ishirini na kitu tu pasipo sauti kudhoofika, hivyo Goldsmith alilazimika kuchagua, kukata na kuunganisha. Alifanya hivyo kwa akili ya mtunzi wa simfonia. Sehemu za taharuki zinazojirudia kwenye diski ya kwanza, ambako nyuzi hunong'ona kwa muda mrefu kabla ya chochote kutokea, hapa zimefupishwa na kuwekwa kando ya sehemu zenye nguvu, nawe hupati nafasi ya kuchoka. Tena, alitumia ufunguzi wake wa kwanza na End Title yake mwenyewe. Maana yake ni kwamba mtu aliyetoka kutazama filamu na kwenda kununua santuri alikutana na wimbo wa tarumbeta ambao hakuusikia ukumbini hivyo, na hitimisho ambalo hakulisikia kabisa. Mtunzi alikuwa amejipatia haki yake kimyakimya, dukani.

Vinyongeza vilivyobaki kwenye diski hiyo ni vya kusikiliza mara moja na kuviacha: marudio tofauti ya vipande vichache, majaribio mafupi ya sauti, na kile kipande cha Eine kleine Nachtmusik ya Mozart kinachosikika ndani ya filamu.

Ubora wa sauti unaridhisha sana. Kwa kuwa muziki huu unaishi kwa tofauti kati ya mnong'ono na kishindo, lilikuwa jambo la muhimu kwamba watayarishaji wasiipunguze tofauti hiyo ili kila kitu kisikike kwa nguvu sawa, na kwa masikio yangu hawakuipunguza. Mwangwi wa fluti unaonekana kwenda nyuma ya spika na kupotelea huko. Ngoma za chini zinapoingia zinabaki na umbo lake. Katika sehemu tulivu uvumi wa utepe unasikika kidogo ukivaa vipokea sauti, jambo ambalo mimi nalipendelea kuliko usafishaji uliopita kiasi, ambao huondoa uvumi pamoja na pumzi za wapigaji. Nisingeshauri kuusikiliza garini wala mahali penye kelele, kwa sababu robo ya muziki itakupita na robo nyingine itakushtua. Kijitabu kinaeleza safari ya muziki huu kwa kina, na ni sababu mojawapo ya kutafuta diski zenyewe, maana majina ya vipande peke yake, jinsi yanavyoorodheshwa katika huduma za kusikiliza kwa intaneti, hayamsaidii mgeni kujua utungo upi ulikataliwa na upi ulitumika.

Kasoro zipo. Kwa kuwa tungo mbadala zimetengwa mwishoni mwa diski ya kwanza, anayetaka kufuata muziki kwa mpangilio unaokaribia ule wa filamu itambidi apange orodha yake mwenyewe, akichomoa Main Title na Hyper Sleep za kwanza na kuingiza za pili, na kadhalika kwa sehemu nyingine. Naelewa kwa nini watayarishaji walifanya hivyo, kwani walitaka kumheshimu mtunzi. Lakini jedwali fupi la mpangilio wa filamu lingetusaidia sana. Neno "kamili" nalo lichukuliwe kwa tahadhari: ni muziki kamili wa Goldsmith kwa filamu hii, si muziki wote unaosikika ndani yake. Vipande vya Freud havimo, na Hanson hayumo.

Pengo la Hanson ni rahisi kuliziba, na ni kisingizio kizuri cha kuongeza rekodi ya simfonia iliyo nzuri kwa haki yake yenyewe. Hanson aliiongoza mwenyewe kwa ajili ya kampuni ya Mercury akiwa na okestra yake ya Eastman-Rochester, kwa mwendo wa haraka na sauti kavu kiasi isiyo na sukari nyingi. Gerard Schwarz na Seattle Symphony, kwa kampuni ya Delos, wanaiachia nafasi zaidi, na nyuzi zao zina joto ambalo wengi watalipenda. Mimi ningeanza na ya Mercury. Wimbo ule mpana unaosikika mwishoni mwa Alien, ukiusikia ndani ya simfonia nzima, unafahamika kuwa umejengwa tangu mwanzo wa kazi, na hapo Goldsmith anapata hoja nyingine: muziki wa Hanson ulikuwa unamaliza safari ya kwake, si hii.

Mwenye santuri ya zamani au diski iliyoinakili anaweza kujiuliza kama anahitaji toleo hili. Kama anachotaka ni muziki wa kusikiliza kwa raha, tayari anao, na mpangilio wake ni bora kuliko wowote atakaoupata kwingine. Kama anataka kuelewa jinsi uamuzi wa chumba cha uhariri unavyoweza kulibadili umbo la kazi ya okestra, sioni toleo jingine la Goldsmith linalolionyesha jambo hilo waziwazi namna hii, hata lile la diski tatu la Star Trek: The Motion Picture lililotolewa na La-La Land Records mwaka 2012, ambalo ni la kifahari zaidi na lina tungo zake za awali za kuvutia.

Atakayenogewa na kisa cha muziki uliokataliwa anaweza kuendelea na Alex North, ambaye muziki wake wa filamu ya 2001: A Space Odyssey Kubrick aliuacha wote na kubaki na Ligeti na wenzake. North alifariki mwaka 1991 bila kuuona ukitolewa. Mwaka 1993 Goldsmith, rafiki yake, aliurekodi upya na National Philharmonic Orchestra ileile kwa ajili ya kampuni ya Varèse Sarabande, na mwaka 2007, mwaka uleule wa toleo hili la Alien, Intrada ilitoa rekodi za North mwenyewe za mwaka 1968. Hizo ni za mono na zimechakaa kidogo; ukipata nafasi ya kununua moja tu, chukua ya Goldsmith.