Uzoefu wangu: RAM niliyonunua Kariakoo na maneno niliyoambiwa

Miezi kadhaa iliyopita nilinunua RAM (kile kipande cha kumbukumbu kinachopachikwa ndani ya kompyuta) ya gigabaiti 8 katika duka moja la Kariakoo, kwa ajili ya kompyuta ya mezani ya nyumbani kwangu Tabata, ambayo ndiyo ninayowekea hesabu za kikoba chetu. Sifa za kifaa zimeandikwa kwenye karatasi yake, kwa hiyo sitazirudia. Ninachotaka kieleweke ni jinsi nilivyojibiwa siku niliyorudi kuomba msaada.

Sikununua kwa kubahatisha. Nilichomoa RAM ya zamani, ya gigabaiti 4 aina ya DDR3, nikaenda nayo kama sampuli, na muuzaji mwenyewe akaziweka pamoja mbele ya macho yangu hadi akaona mikato yake imelingana. Nyumbani nilichomoa waya wa umeme, nikagusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha nikaipachika pembeni ya ile ya zamani mpaka vibano vikalia. Nilipowasha, feni ilizunguka lakini kioo kilibaki cheusi, na mashine ikatoa mlio mrefu uliojirudia bila kukoma.

Kesho yake nilipanda daladala kurudi dukani. Sikuwa nimemaliza hata kujieleza muuzaji aliponikatiza: "Mama, umeiunguza. Hivi vitu si vya kufunguliwa na kila mtu, na kikishatoka hapa hakirudi." Aliyasema hayo kwa sauti, wateja wengine wakisikia, huku tayari amenyoosha mkono kwenye rafu aniuzie nyingine. Hakuuliza nimeipachika nafasi ipi, wala kama mashine huwaka ile ya zamani ikiwa peke yake. Kompyuta ya kujaribia ilikuwa wazi pale kaunta, na dakika mbili zingetosha kumaliza ubishi. RAM iliyoungua na RAM isiyoshika vizuri huweza kutoa mlio uleule. Kuzitofautisha ni lazima ujaribu, na kumtazama mteja usoni si kupima.

Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu mkubwa, nikaamua kujaribu moja moja. Ya zamani peke yake katika nafasi ya kwanza: mashine ikawaka. Mpya peke yake katika nafasi hiyohiyo: ikawaka pia! Nilipoihamishia ile ya zamani katika nafasi ya pili, mlio ukarudi, nami nikajua kwamba hakuna kilichoungua. Nilimulika kwa tochi ya simu nikaona vumbi limeshindiliwa ndani ya mfereji wa nafasi ile, kwa sababu madirisha yetu hukaa wazi mchana kutwa. Nililitoa kwa brashi laini, nikasugua meno ya RAM zote mbili taratibu kwa kifutio cha penseli, nikazirudisha. Kompyuta ikasoma gigabaiti 12, na ile programu ya kupima kumbukumbu iliyomo ndani ya Windows haikuona kosa lolote.

Kwa haki, basi, kifaa walichoniuzia ni kizuri na bei yao haikuwa mbaya, na tatizo lilikuwa kwenye mashine yangu. Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwashauri mnunue pale bila wasiwasi, na pengine muuzaji yule alikuwa amechoka siku hiyo. Lakini kila nikikumbuka ule mkono uliokwenda kwenye rafu, nashindwa kuuacha ushauri huo usimame: ningemwamini, ningetupa RAM nzima, nikamlipa mara ya pili, na ile mpya ingelia vilevile katika nafasi ileile yenye vumbi. Naufuta ushauri wangu. Anayetaka kwenda pale asitoe pesa kabla RAM haijachomekwa kwenye ile kompyuta ya kaunta akaiona inawaka, na wakikataa kuijaribu, aondoke.