Pasi ya treni au tiketi moja moja? Hesabu ya msafiri wa Nairobi

Hapa kwetu swali hili halipo. Ukitaka kwenda Mombasa unakata tiketi ya SGR, shilingi 1,500 daraja la kawaida, unapandia Syokimau, basi. Ndiyo maana mtu wa Nairobi akifungua tovuti ya treni za Ulaya akaona "nchi 33, pasi moja", hujihisi kama aliyeambiwa matatu zote za jiji ni bure wiki nzima. Mwaka huu nimeulizwa mara tatu pasi ipi ni nzuri. Mara zote tatu muulizaji alikuwa ameshaipenda pasi kabla ya kuhesabu safari zake.

Pasi ninayoizungumzia si pasipoti, wala si ile ya kunyooshea shati, ingawa nayo huwashwa. Unalipa mara moja, unapata idadi fulani ya siku, na katika siku hizo unapanda treni nyingi utakavyo.

Miongozo mingi ya jambo hili imeandikwa na watu wasiohitaji viza, na hapo ndipo inapotupotosha. Bei ya treni za kasi za Ulaya hupanda kama nauli ya matatu mvua ikinyesha jioni: aliyekata miezi miwili kabla analipa kidogo, wa dakika za mwisho analia. Lakini ombi la viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, kwa kawaida hushughulikiwa kwa siku 15, na laweza kuvutwa hadi 45. Tiketi zile za bei ya chini kabisa kwa kawaida hazirudishiwi pesa. Ukikata mapema, unacheza kamari na ubalozi. Kwa hiyo orodha yangu inaanza na swali moja: viza iko mkononi?

Nafasi ya kwanza: tiketi moja moja, viza ikishatoka

Kwa safari ya kawaida ya Mkenya (kumtembelea ndugu, kuhudhuria mahafali, labda na siku tatu za Paris) hakuna kinachoshinda hii. Safari hiyo ina siku mbili au tatu tu za treni ndefu, na ni nadra pasi kurudisha gharama kwa siku tatu. Ujerumani, tafuta bei ya punguzo inayoitwa Sparpreis au Super Sparpreis. Italia ni raha zaidi, kwa kuwa kati ya Milano na Roma kampuni mbili, Trenitalia na Italo, zinang'ang'ania abiria wale wale. Treni za mikoani za Italia bei yake haibadiliki hata ukikata siku hiyo hiyo, kwa hiyo usijisumbue nazo ukiwa Nairobi.

Tahadhari iko kwenye siku ya kutua. Tiketi ya bei ya chini imefungwa kwa treni moja tu, na ndege yetu mara nyingi imepitia Addis Ababa, Doha au Istanbul. Ikichelewa, treni inaondoka na pesa zako. Siku hiyo lipa zaidi upate tiketi isiyofungwa, au acha saa nne, tano za nafasi.

Halafu kuna kadi. Mimi niliwahi kukaa usiku mzima nikijaribu kulipa kwenye tovuti moja ya tiketi, kadi ya benki ikikataliwa mara tatu. Asubuhi bei ilikuwa imetoka yuro 39 hadi 59. Siku hizi naweka akiba ya njia ya pili, kadi ya mtandaoni ya M-PESA GlobalPay. Ndugu aliyeko huko akikukatia, ahakikishe jina kwenye tiketi ni lako, si lake.

Nafasi ya pili: tiketi za nchi moja

Watu wachache huuliza kuhusu hizi, na mara nyingi ndizo zinazowafaa. Deutschland-Ticket, tiketi ya mwezi ya Ujerumani, ilianza Mei 2023 kwa yuro 49 na sasa imefika 63 kwa mwezi. Unapanda treni zote za mikoa, mabasi, tramu na treni za mjini Ujerumani nzima. Haikupandishi ICE, treni za kasi za huko, wala treni nyingine za masafa marefu, kwa hiyo safari ndefu itakuchosha. Lakini kwa mzazi aliyekwenda kukaa wiki tatu na mtoto wake anayefanya kazi huko, ni dawa. Mtego wake ni kwamba hujirudia kila mwezi mpaka uisitishe, na lazima uisitishe kabla ya tarehe 10 kupita ili iishe mwisho wa mwezi huo. Ukirudi nyumbani ukasahau, kadi yako itaendelea kukamuliwa.

Uswisi ina Swiss Travel Pass, inayojumuisha treni, mabasi, boti na makumbusho zaidi ya 500, kwa siku zinazofuatana. Ina pia kadi ya nusu nauli ya mwezi mmoja. Mtu wa kuzunguka kila siku achukue ya kwanza, wa kutulia mji mmoja achukue nusu nauli.

Nafasi ya tatu: Eurail

Sisi tunaoishi nje ya Ulaya tunanunua Eurail, ndiyo ile pasi ya nchi 33. Interrail ni ya wakazi wa Ulaya. Binamu yako aliyeko Stockholm anaruhusiwa kuinunua hata kama pasipoti yake ni ya Kenya, lakini asikununulie wewe.

Ya mtu mzima, daraja la pili, siku 4 ndani ya mwezi mmoja, imekuwa ikiuzwa kwa takriban yuro 280 hadi 300, yaani zaidi ya shilingi 40,000. Gawa kwa nne: kila siku ya kusafiri inakugharimu yuro 70 na ushee. Sasa weka safari zako mezani. Siku ambayo tiketi yake ni yuro 30, pasi imekula hasara. Vijana wa hadi miaka 27 hupunguziwa, na watoto walio chini ya miaka 12 husafiri bure na mtu mzima. Familia yenye watoto wawili hesabu yake hugeuka kabisa.

Na bei hiyo si yote. TGV za Ufaransa, Eurostar na treni za kasi za Italia na Uhispania zinadai uwekeshe nafasi na uilipie juu ya pasi. Viti vya wenye pasi navyo vina kiwango, vikiisha vimeisha. Ujerumani, Austria, Uholanzi na sehemu kubwa ya Uswisi unapanda tu na kukaa. Pasi inang'aa kwenye njia hiyo, si ile ya Paris, Barcelona na Roma ambayo kila mtu anaitaka.

Zile nchi 33 nazo zisikudanganye. Uingereza na Ireland zimo ndani ya pasi, hazimo ndani ya viza yako ya Schengen.

Lakini hapa ndipo pasi inapotushika mkono sisi. Isipowashwa, yaani kabla hujaianzisha, pasi ya kawaida hurudishiwa pesa kwa makato, na una miezi 11 ya kuiwasha tangu uinunue. Viza ikichelewa, tarehe zinasogea na pasi inasogea nazo. Angalia tu usinunue ile ya ofa, hiyo hairudishwi.

Nafasi ya nne: pasi ya Japani

Zamani ilikuwa ya kwanza. Oktoba 2023 ya siku 7 ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Kwenda Kyoto kutoka Tokyo na kurudi kwa treni ya kasi ya Shinkansen ni kama yeni 28,000. Kata tiketi, au tafuta pasi za maeneo.

Wafanyabiashara wa Kamukunji na Eastleigh wanaokwenda Guangzhou na Yiwu hawana cha kuchagua: China ni tiketi moja moja, hufunguliwa siku 15 kabla, na pasipoti yako ndiyo tiketi yenyewe. Maonyesho ya biashara ya Guangzhou yakiwa yanaendelea, kata siku ile ile zinapofunguliwa.

Na ya mwisho kabisa ni kufika stesheni na kununua tiketi ya treni ya kasi asubuhi ya safari. Hiyo mwachie mwenye dharura.

Jirani yangu wa Umoja viza yake ilitoka siku tisa kabla ya ndege. Eurail aliyokuwa ameipania tukaiacha. Alikata tiketi moja isiyofungwa, Frankfurt hadi Köln kwa binti yake, akachukua ile ya mwezi ya Ujerumani, na Paris akaenda kwa basi. Tarehe 8 nikampigia simu: "Mama, umesitisha ile tiketi?" Hakuwa amesitisha.